Maradhi Madogo ya Kerezo, na Jinsi ya Kuyatafuta

Katika karakana ya shule yetu hapa Nyakabuye liko kerezo moja tu. Umri wake wapita umri wangu, na rangi yake ya kijani imesalia pembeni tu, pale ambapo mikono ya wanafunzi haifiki. Muhula uliopita kerezo hili lilikaribia kuuzwa kwa kilo, kama chuma chakavu. Nataka kuwaeleza wasomaji kwa nini halikuuzwa, na katika kueleza hayo nitaonyesha namna ya kutafuta kasoro ndogo za mtambo huu. Maana nimeona kwamba wengi wetu twajua kulitumia kerezo likiwa zima, lakini likiugua twakimbilia nyundo.

Kwanza majina. Watu wengi wa hapa huliita kwa jina lake la Kifaransa, nami sina ugomvi nao. Lakini Kiswahili kina maneno yake ya tangu zamani: kukereza ni kuuchonga mti huku unazunguka, na afanyaye kazi hiyo ni mkereza. Mafundi wa pwani walikereza kabla umeme haujajulikana. Mti uliwekwa baina ya ncha mbili, kamba ya upinde ikazungushwa juu yake, na upinde ulipovutwa mti ulizunguka mbele, kisha ukarudi nyuma. Patasi ilikata wakati mti ulipokuja upande wake tu, na uliporudi fundi aliiondoa kidogo. Kwa njia hiyo walipata miguu ya vitanda iliyo laini na yenye mapambo. Kerezo letu huzunguka upande mmoja bila kurudi, lakini jambo ni lile lile: mti huzunguka, chuma hungoja.

Sehemu zake ni chache. Chini kuna kitanda, yaani reli mbili za chuma zilizonyoka. Kushoto kuna kichwa, na ndani ya kichwa kuna mhimili, yaani mti wa chuma unaozungushwa na mota kwa mkanda. Mbele ya mhimili kuna tundu, na ndani ya tundu huingia ncha yenye meno manne, ambayo huuma mbao na kuizungusha. Kulia kuna mkia, wenye ncha ya pili isiyozunguka, ambao husogezwa juu ya reli na kukazwa. Katikati kuna kiegemeo, mahali pa kulaza patasi. Basi, hayo ndiyo yote. Kila kasoro nitakayoitaja imo katika mojawapo ya sehemu hizi, au katika mbao, au katika patasi, au katika mkono wa mwenye kushika patasi. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kawaida kuliko zote, nasi hatupendi kuitaja.

Sasa habari yenyewe. Kituo cha afya kiliomba tukitengenezee vitanda 4 vya watoto wachanga. Kila kitanda kilihitaji vijiti 22 vya kukereza, jumla 88. Vijiti vya kitanda cha mtoto havitaki mchezo. Kikiwa na ufa au mkwaruzo, mtoto ataupata kwa mkono au kwa mdomo. Tulichagua mgrevilea uliopandwa kandokando ya mashamba, kwa kuwa ndio tunaoupata. Msitu wa Cyamudongo ulioko juu yetu ni sehemu ya Hifadhi ya Nyungwe, ambayo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2023, wala hakuna akatae mti humo. (Angalia: vumbi la mgrevilea huwasha ngozi za watu wengine. Mimi silo, lakini mwenzangu alivimba mikono siku mbili.)

Siku ya Ijumaa tulikereza vijiti 8 vya kwanza. Vilikuwa vizuri. Tuliviondoa kwenye kerezo tukaviweka rafuni, ili Jumatatu tuvipige msasa. Jumatatu nilipokirudisha cha kwanza na kuwasha mota, kijiti kiliyumba upande wa kichwa kana kwamba hakikukerezwa kamwe. Cha pili hali kadhalika. Mwenzangu akasema tukaze mkia zaidi, nasi tukakaza, tusitazame kama mkia wenyewe umefungwa juu ya reli. Haukuwa umefungwa sawasawa. Kijiti kikapiga kelele, mkia ukarudi nyuma, na kijiti kikaruka. Kilipita karibu na sikio la mtoto wa mwaka wa pili aliyekuwa akifagia maranda, kikavunja kioo cha dirisha. Yule mtoto hakulia wala hakukimbia, alisimama tu na ufagio wake mkononi. Mimi ndiye niliyeketi chini, kwa maana miguu haikunibeba.

Mwalimu wetu wa useremala alikata umeme akafunga mlango wa karakana kwa kufuli. Akaitwa fundi wa mitambo kutoka nje. Fundi yule alizungusha mhimili kwa mkono, akasikiliza, akasema beringi zimekufa, na bei aliyoitaja kwa kazi hiyo ilizidi fedha yote ya mbao ya muhula. Ndipo yakaanza maneno ya chuma chakavu. Mwalimu yeye alikuwa na wazo jingine: alidhani mbao haikukauka, na kwamba vijiti vilipinda kati ya Ijumaa na Jumatatu.

Mawazo yote mawili yalikuwa na maana. Beringi iliyolika hufanya mhimili uyumbe, hilo ni kweli. Na mbao mbichi hubadilika umbo ikikauka, hilo nalo ni kweli: husinyaa kwa kufuata miviringo ya mwaka kuliko inavyosinyaa kutoka moyo kwenda gome, kadiri ya mara mbili, hata kijiti kilichokuwa duara huwa kama yai. Lakini nilipokuwa nimelala usiku ule nilikumbuka jambo moja lililonisumbua. Kabla ya ajali tulikuwa tumevijaribu vijiti vyote 8. Sita viliyumba, vingine kidogo na vingine sana. Viwili havikuyumba hata kidogo. Kama beringi zilikufa, kwa nini viwili vilipona? Na kama mbao ilikuwa mbichi, vyote 8 vilitoka katika ubao mmoja.

Asubuhi nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kulipima kerezo bila umeme. Akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu, nionyeshe. Lakini plagi itakaa mfukoni mwangu." Kwa kuwa plagi haiwezi kukaa mfukoni ikiwa na waya wake, alisimama juu ya waya muda wote.

Kwanza nilishika mhimili nikausukuma na kuuvuta, juu na chini, mbele na nyuma. Beringi iliyolika husikika mkononi kama jino linalolegea. Sikusikia kitu ila mkwaruzo mdogo sana wa grisi kavu.

Pili nilikirudisha kijiti kimoja kilichoyumba. Nikaweka kalamu ya risasi juu ya kiegemeo, ncha yake ikikaribia mbao bila kuigusa, kisha nikazungusha polepole kwa mkono. Hapa msomaji ashike jambo hili, maana ndilo ufunguo: kitu kilichotoka kati hugusa kalamu mara moja katika kila mzunguko. Kitu kilichokuwa kama yai hugusa mara mbili. Kijiti changu kiligusa mara moja. Basi mbao haikuwa na hatia.

Tatu nilitia alama kwenye jino moja la ile ncha na alama kwenye mbao. Meno ni manne, kwa hiyo kijiti chaweza kuingia kwa namna nne katika mashimo yale yale. Nilijaribu zote. Katika namna moja kijiti kilizunguka sawasawa, kalamu haikugusa popote. Katika namna ya kinyume chake kiliyumba sana kuliko zote. Katika zile mbili za kando kiliyumba kadiri. Mwalimu akavua miwani yake, akaifuta, akasema nirudie. Nikarudia.

Maana yake ni hii. Siku ya Ijumaa ncha ile ilikuwa tayari imetoka kati kidogo. Lakini kijiti kinapokerezwa bila kuondolewa, huchongwa kwa kuufuata mzunguko wa mhimili, hata kama kimeshikwa upande. Hivyo kilitoka duara na hatukuona kosa. Tulipokiondoa na kukirudisha kwa jino jingine, kosa la ncha likajitokeza. Namna moja kati ya nne ndiyo ya Ijumaa. Na vijiti viwili kati ya nane ni moja kati ya nne. Tulivirudisha bila kutazama, na bahati ikavigawa kama hesabu inavyotaka.

Ikabaki kujua: ncha yenyewe imepinda, au tundu linaloishika lina ila, au mhimili wote umepinda? Kwa swali hili kuna jaribio jepesi. Niliondoa mbao, nikaweka kalamu karibu na ncha tupu, nikazungusha, nikatia alama ya chaki upande unaojitokeza, kwenye ncha na kwenye mhimili pia. Kisha nikaing'oa ncha kwa kusukuma ufito wa chuma kutoka nyuma ya mhimili, ambao una uwazi ndani, nikaigeuza nusu mzunguko nikairudisha. Ikiwa upande wenye ila unahama pamoja na ncha, ncha ndiyo iliyopinda. Ikiwa unabaki upande ule ule wa mhimili, ila imo katika tundu au mhimili. Ulibaki upande wa mhimili.

Hapo nikaogopa, maana mhimili uliopinda ni kweli kazi ya fundi mkubwa. Nikaomba tochi. Tundu lile si sawa kwa upana. Mbele ni pana na nyuma ni jembamba, na ncha imechongwa vivyo hivyo. Umbo hili huitwa kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hati ya keekee yake ya msokoto mwaka 1863, na wembamba wake hupungua kiasi cha sentimeta moja kwa kila sentimeta 20 za urefu. Kwa sababu ya mteremko huo mdogo, chuma hushika chuma kwa msuguano peke yake, bila skrubu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, taka ndogo ikiingia kati, ncha haikai ila upande.

Ndani ya tundu nikaona ganda jeusi. Lilikuwa vumbi la mbao lililoshikamana na mafuta, likagandamizwa hata likang'aa kama chuma chenyewe. Labda liliingia siku tulipoiondoa ncha ile ili kufunga sahani ya kukerezea bakuli. Nilizungushia kijiti kitambaa chenye mafuta ya taa, nikakiingiza na kukipindapinda kwa mkono, nikaacha kidogo, nikarudia. Ganda likatoka zima, ukubwa wake kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikakausha tundu kwa kitambaa safi, nikairudisha ncha. Kalamu haikugusa tena popote.

Tafadhali usitumie msasa katika tundu hili, hata kama ganda ni gumu. Msasa hulipanua, na lililopanuka halirudi. Wala usitie kitambaa wala kidole humo mota inapozunguka. Najua yuko mwanafunzi atakayetaka kufanya hivyo kwa haraka yake.

Baada ya hayo niliruhusiwa kulichunguza kerezo lote, na kasoro nyingine nilizozikuta nitazisema kwa mkato, isipokuwa ile ya mkanda.

Kerezo letu lilikuwa likigonga, tu, tu, tu, hata bila mbao. Kila mtu alisema ni beringi. Lakini kitu kinachogonga hugonga kwa hesabu yake, na hesabu hiyo humtaja mwenyewe. Puli yenye upana wa sentimeta 10 ina mzingo wa sentimeta 31 na kitu. Mkanda wetu una urefu wa sentimeta 120. Kwa hiyo mkanda humaliza safari yake mara moja wakati puli imezunguka karibu mara nne. Nilizungusha kwa mkono nikihesabu, na kugonga kulikuja karibu kila mzunguko wa nne. Ni mkanda basi. Ulikuwa umekaa likizo nzima umekazwa mahali pamoja, ukapata kigongo pale ulipojikunja juu ya puli ndogo. Hatukuwa na mwingine. Tuliulegeza, tukauacha uzunguke nusu saa bila mbao, kigongo kikapungua. Tangu hapo tunaulegeza kila tunapofunga shule.

Mkanda huo huo una ugonjwa mwingine: patasi ikigusa mbao, mbao inasimama huku mota inaendelea. Wengi hukaza mkanda mpaka beringi zinaumia. Tazama kwanza kama una mafuta. Ufute kwa kitambaa kikavu, kisha tazama skrubu ndogo inayoshika puli juu ya mhimili, maana ikilegea puli huzunguka peke yake na dalili huwa ile ile.

Na mwendo nao hudhaniwa ugonjwa. Kibati cha mota yetu kimeandikwa mizunguko 1,440 kwa dakika. Puli zina ngazi nne: milimita 75, 100, 125 na 150, na za mhimili ni hizo hizo kwa kinyume. Hivyo mwendo wa mhimili ni 720, au 1,152, au 1,800, au 2,880. Mafundi wana kanuni: zidisha upana wa mbao kwa sentimeta na mizunguko ya dakika, na jibu liwe kati ya 15,000 na 22,500. Bakuli la sentimeta 25 hutaka mwendo wa kwanza, basi. Kijiti chembamba kingeruhusiwa mwendo mkubwa kuliko wote tulio nao, lakini kijiti kirefu hupinda katikati kama upinde wa mshale kikienda kasi, na patasi huacha mawimbi. Vile vijiti vya vitanda tulivikereza kwa 1,800, tukiunga mkono nyuma ya mbao kwa kipande cha ubao chenye pengo.

Moshi ukitoka upande wa mkia, ncha isiyozunguka imekazwa mno. Legeza kidogo, tia nta. Sisi hutumia vipande vya mishumaa vinavyobaki kanisani, na nta hiyo hiyo hufaa kusugulia kiegemeo baada ya kukipiga tupa. Kiegemeo chenye makovu hukwamisha patasi, nawe utadhani patasi ni butu.

Mota ikivuma bila kuzunguka, zima upesi na utoe plagi. Zungusha mhimili kwa mkono: ukiwa mgumu, tafuta maranda yaliyokwama au beringi iliyoshika. Ukiwa mwepesi, ngoja uone kama taa za chumba zimefifia, maana umeme ukiwa hafifu mota hushindwa kuanza. Ikiwa taa ni nzuri na mhimili ni mwepesi, basi yaelekea ni kapasita. Hapo acha. Kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa, na kuifungua si kazi ya mwanafunzi. Mimi mwenyewe sijaifungua na sioni haya kusema hivyo.

Vijiti 88 vilikwisha siku mbili kabla ya vitanda kuhitajiwa. Yule mtoto wa mwaka wa pili ndiye aliyevipiga msasa 30 kati ya hivyo. Aliomba mwenyewe, na kila kijiti alikipitisha shavuni kwake kabla ya kukikubali.

Imebaki kasoro moja tusiyoweza kuiondoa. Nati ya skrubu inayosukuma ncha ya mkia imelika nyuzi zake, kwa hiyo baada ya dakika kadhaa ncha hurudi nyuma kidogo na hatuna budi kukaza tena. Nyuzi zake ni za mraba, unene wa skrubu ni milimita 20, na huingia kwa kuzungushwa kushoto. Msomaji ambaye baba yake au mjomba wake ana mtambo wa zamani uliovunjika nyumbani, na atazame chini ya vumbi. Kipande tulicholika tumekitundika mlangoni mwa karakana kwa waya, ili aje akilinganishe.